Jino la Tajiri wa Mbao

Maabara nzima ilimwita Bi Kweli, na jina hilo alilivaa kwa maringo. Kazi yake ilikuwa kupima vinasaba: anakusugua kijiti cha pamba ndani ya shavu, anasafisha kilichonasa, anakiingiza kwenye mashine, kisha anakuita dirishani kukuambia kama mtoto ni wako au umebambikiwa. Na kusema alijua. Mwanamume mmoja aliangua kilio pale dirishani alipojua kwamba mtoto aliyemlea mpaka akaanza shule si wake. "Sasa baba, unanililia mimi?" Bi Kweli akamwuliza. "Kwani mimi nilikuwepo?" Foleni ikavunjika mbavu. Mwingine alimwomba amfichie, nyumba yake isivunjike. Akamjibu kwa sauti ya juu kwamba uongo unauzwa duka lingine.

Nyumbani aliishi na baba yake, fundi viatu mstaafu. Mama mtu alikufa mapema, na mzee akamlea peke yake, akamsomesha kwa sindano na gundi mpaka vidole vikapinda. Mtu mzima yule, mwenye kutetemesha wanaume, bado alipozewa chai na baba yake kila asubuhi. "Huo ukali kautoa kwangu," mzee huwatambia majirani, naye hana ukali hata wa kufukuza kuku.

Ikaja kesi ya tajiri wa mbao. Tajiri huyo aliteketea ndani ya ghala lake, hakikubaki hata kipande cha kuzika. Wanawe wawili wakashika kila kitu. Ndipo akajitokeza msichana mmoja, mshonaji, akasema naye ni mtoto wa marehemu, wa nje ya ndoa, na kwamba kile chumba anachoishi na mama yake mgonjwa alipewa na baba yake mwenyewe. Wale ndugu wawili walimcheka, wakakataa katakata kutoa mate yao yapimwe. Cha marehemu kilichopatikana ni jino moja tu, alilong'olewa kabla ya moto, likabaki kwa daktari wa meno. Mahakama ikalipeleka maabara. Bi Kweli akalisaga lote, unga wote ukaingia kwenye kipimo.

Msichana alikuwa mkweli. Jino lilimkubali bila utata.

Lakini kuna desturi ya kazi ile. Vinasaba vya kila mfanyakazi vimehifadhiwa kwenye kompyuta, ili mtu akipiga chafya juu ya sampuli ijulikane ni nani. Siku hiyo kompyuta ikatoa alama nyekundu: ndani ya jino kuna kitu cha Bi Kweli.

Alijilaani kwa uzembe, kisha akatazama vizuri. Chafya huacha vinasaba vya mtu vyote, nusu ya mama yake na nusu ya baba yake. Hapa palikuwa na nusu yake moja tu, kila alipotazama, na nusu hiyo ilikuwa mali ya jino lenyewe. Hakuwa amechafua kitu. Mwenye jino alikuwa baba yake wa damu. Akakumbuka kwamba mama yake, kabla hajazaliwa yeye, alikuwa karani wa ghala lile la mbao. Akakaa chini sakafuni.

Sheria ilimtaka aseme kwa mkuu wake, kesi apewe mwingine, na yote yasomwe mahakamani mbele ya watu. Habari ingemfikia fundi viatu kabla ya jioni. Nami naamini alimwonea mzee huruma, ila msinifanye mjinga. Alijiona na yeye pia, amesimama upande wa pili wa dirisha, watu wanashika mbavu.

Akaandika kwamba sampuli imechafuliwa na mfanyakazi, haifai. Mkuu wa maabara alimfokea kidogo, akatia sahihi bila kuangalia zaidi, maana miaka yote alama ile nyekundu haikuwahi kumaanisha jambo jingine. Mahakama ikatupilia mbali madai ya msichana.

Wiki hiyo hiyo msichana alikuja dirishani. Godoro la mama yake lilikuwa limeshatupwa nje ya kile chumba, na mama mwenyewe juu yake.

"Dada, nisaidie. Jino halikusema hata kidogo?"

"Liliharibika."

"Halirudiwi?"

"Limekwisha."

"Mimi sina ndugu, dada. Wale wamenikana, wameniita mwizi mbele ya mama yangu. Nilitegemea jino hilo tu." Alishika ukingo wa dirisha. "Niambie wewe basi, kwa mdomo tu, hata kama haliandikwi. Uliona nini?"

Bi Kweli alifungua mdomo. Kisha akachungulia juu ya bega la mdogo wake.

"Anayefuata," alisema.