Mstari Uliopita Mlangoni kwa Shangazi

Watu wakisema shangazi yangu alimwangusha ndugu yake, siwabishii. Alimwangusha kweli, kwa penseli, tena mchana kweupe, na huyo ndugu yake ndiye baba yangu mzazi. Ila wakianza kumsema vibaya, hapo tunakosana.

Shangazi ni mchora ramani wa manispaa. Ofisi yake iko nyuma ya masijala, chumba chenye meza moja pana na dirisha lisilofungika, na kila karatasi imekandamizwa kwa jiwe aliloliokota mwenyewe. Mwaka ule aliagizwa achore upya mipaka ya kata za mji wetu, ili kila diwani awakilishe watu wanaokaribiana idadi. Mwingine angekodolea macho picha za angani akamaliza kwa wiki. Yeye alivaa raba akaingia mitaani kuhesabu kamba za nguo. "Paa haliniambii kitu," alisema. "Nguo zikianikwa, kuna watu." Penye kamba alibisha hodi, akaandika idadi ya wanaolala humo.

Nyuma ya kiwanda cha sabuni akakuta asichokitarajia. Mabanda marefu ambayo ramani ya zamani iliyaita maghala yalikuwa yamejaa familia za vibarua, watu elfu nne. Na ramani hiyo alikuwa ameichora nani? Yeye mwenyewe, miaka kumi nyuma, kwa kutazama mapaa. Hakuna mwingine aliyejua. Angefyata ulimi tu, mambo yangeisha.

Mabanda hayo yalikuwa kwenye kata ya baba, aliyekuwa diwani. Kumbe baba peke yake alibeba watu elfu kumi na nne, na diwani jirani elfu sita. Haki ilitaka elfu nne wahamie kwa jirani, na waliopakana naye walikuwa wa mitaa yetu ya juu, mtaa wa shangazi ukiwemo. Huko ndiko kulikokuwa na kura za baba.

Shangazi alipomweleza, baba alikuja kwake, mimi nikiwa jikoni namenya viazi.

"Dada, si uwahamishe hao wa mabandani?"

"Wako upande wa pili wa kata, kaka. Niwarushe kwa manati?"

"Basi maghala yabaki maghala. Mambo ya zamani, nani atauliza?"

"Mimi."

Baba aliondoka bila kuaga. Sifichi, nilimkasirikia shangazi siku ile. Nilishazoea kuitwa mtoto wa diwani.

Kwenye mkutano wa wazi, ukumbi umefurika, alibandika ramani ukutani akageukia watu. "Kosa la maghala ni langu," alisema. "Watu elfu nne hawakuhesabiwa miaka kumi kwa sababu nilikuwa mvivu wa kutembea." Waliguna. Mmoja alitaka afukuzwe kazi, na mkurugenzi akampa barua ya onyo, ambayo nayo aliiwekea jiwe. Ramani ikapita.

Siku ya kura, bibi, mama yao, ambaye anaishi kwa shangazi, aliigeuza karatasi ya kura mara tatu. "Mwanangu simwoni humu," alimwambia msimamizi. "Nipe nyingine."

"Nimemtoa mimi, mama," shangazi akasema kutoka kwenye foleni.

Bibi aliikunja karatasi bila kuitia alama, akaitumbukiza sandukuni. Hakumwangalia bintiye.

Baba alishindwa kwa kura saba. Asubuhi yake simu ilikuwa kimya, na wa kwanza kubisha hodi alikuwa shangazi. Baba alimzibia mlango, macho mekundu.

"Nyumbani kwako mna wapiga kura wanane," alisema. "Uliliona hilo?"

"Niliwahesabu kabla sijashika penseli, kaka. Nilianza na sisi."

 Baba akasogea, akampisha aingie.