Wifi Yangu Mwenyekiti na Mizani ya Mama Duka

Wifi yangu hakuchaguliwa na mtu. Nasema mapema, kwa sababu wengi wakisikia anaitwa Mwenyekiti hudhani kuna ofisi mahali, na mhuri, na mlinzi wa kukuuliza una shida gani. Ofisi yake ilikuwa saluni ya viti viwili, kioo chenye ufa na benchi la mbao barazani. Wapiga kura wake walikuwa wanawake wanne waliokaa kwenye benchi hilo wakinyonyesha. Mmoja wao alimwita hivyo kwa utani, siku aliyowapangia nani akae kivulini na nani asogee, na jina likaganda. Mimi namwita wifi. Akiniudhi namwita mke wa kaka yangu, kana kwamba hatujuani.

Kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza, nilimwambia mama, "Mdomo wa huyu utatuhamisha mtaa." Mama akanionya nisimtangulie binti wa watu kwa ubaya. Basi nikanyamaza, nikawa namwangalia tu, na baadaye nikaenda kumwoshea wateja vichwa saluni kwake, maana kazi ni kazi na yeye ndiye aliyekuwa nayo.

Haya mambo ya kunyonyesha aliyaanza kwa hasira. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, chuchu zilimchubuka mpaka akawa analia kabla mtoto hajalia. Kila mtu alikuwa na lake la kumwambia. Vumilia. Maziwa yako machache. Mpe maji. Sisi wenyewe kwenye familia tulimwambia hayo hayo, tulikuwa hatujui zaidi. Siku moja nesi wa kliniki alikuja kusukwa, akamwona anavyokunja uso, akamwambia aweke kitana chini. Akamwonyesha namna ya kumpakata mtoto, tumbo kwa tumbo, asubiri kinywa kifunguke wazi ndipo amsogeze. Maumivu yakapungua pale pale. Mtu mwingine angeshukuru. Wifi aliwaka. "Kitu kidogo hivi," alisema, "na nimelia mwezi mzima? Mlikuwa wapi nyote?"

Hasira hiyo haijamtoka hadi leo, na ndiyo iliyompeleka kwenye mafunzo kule kliniki, akarudi kiongozi wa akina mama wanaonyonyesha wa mtaa wetu. Mshahara hakuna. Alichopata ni ruhusa ya kuingilia mambo ya watu, na hiyo alikuwa nayo tangu kuzaliwa. Hata wanaume hawakupona. Baba akija kumfuata mkewe barazani na kusimama tu huku ameweka mikono mfukoni, wifi alikuwa anamwambia, "Ziwa huna, shemeji, hilo tumekusamehe. Lakini mikono unayo. Nepi zile pale."

Fremu ya saluni ilikuwa ya Mama Duka. Mama huyo alikuwa na fremu zote za upande wetu wa barabara, na ile ya kona aliiweka duka lake mwenyewe la sukari, mchele, unga na mafuta. Sitamsingizia, alikuwa mchapakazi. Mume alimwachia watoto na fremu moja, nyingine alijenga kwa jasho lake. Lakini alikuwa na tabia ya kutaka kila kinachopita mbele yake kipite kwa amri yake, na mkwe wake ndiye aliyekuwa anapita mbele yake kila saa.

Mkwe huyo tulimwita Bi Harusi, maana alikuwa bado ana ule ugeni wa kuomba ruhusa ya kukaa. Mumewe alikuwa kazini mbali. Alipojifungua, Mama Duka alikuwa anamhitaji kaunta haraka, na mtoto wa kunyonya kila mara hana subira na wateja. Ndipo lilipozuka neno kwamba maziwa ya Bi Harusi ni mepesi, maji matupu, na kopo la maziwa likafunguliwa.

Alikuja kwetu kusukwa, mtoto akiwa hajatimiza miezi miwili. Msusi huanzia kisogoni. Mteja huinamisha kichwa, naye hupitisha vidole shingoni akigawa nywele. Wifi alipitisha vidole, akasita.

"Mbona shingo yako imekaza hivi? Unanyonyesha umeinama?"

"Mara moja moja, dada. Inauma. Mama anasema hata hivyo hayatoshi."

"Unampelekea mtoto ziwa. Mtoto ndiye anayeletwa kwenye ziwa, mama. Ziwa halisafiri."

Akamwinua, akamwegemeza kwenye kiti, nami nikaweka mto chini ya kiwiko. Mtoto alihangaika, akakataa, akalia mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akachungulia. Halafu akafungua kinywa wazi, akashika. Bi Harusi alikaza meno akingoja maumivu. Hayakuja kama alivyozoea, akabaki anatutazama mmoja mmoja. Tulimsikia mtoto anameza. Mimi si mtu wa machozi, nilikwenda kusuuza taulo ambalo lilikuwa safi.

Mama Duka alipita wakati huo huo, chupa mkononi.

"Huyu ana njaa, mnamchezesha ziwa tupu," alisema. "Lete nimpe."

"Si tupu, mama," wifi akamjibu. "Kila chupa inayoingia, ziwa linaambiwa leo hutakiwi. Ndiyo maana linapungua. Nipe wiki mbili. Chupa ipumzike, huyu aje hapa barazani kila siku nimsimamie. Kliniki wakimpima na hajaongezeka uzito, fanya unavyotaka."

"Na wewe? Utapoteza nini wewe? Maneno ni bure."

"Nitakukabidhi ufunguo wa fremu."

Nilimkanyaga mguu, nimechelewa. Mama Duka alikubali mbele ya fundi viatu na benchi zima. Usiku ule nilimwambia wifi kwamba kuna watu hucheza kamari kwa vizibo vya soda. Akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamwambia nguo alizovua ni zangu pia, na za kaka yangu, na za watoto. Akanigeuzia mgongo, akaanza kuhesabu vitana.

Zile wiki mbili zilikuwa ngumu. Mchana mtoto alikuwa anashika vizuri mbele yetu. Usiku akilia, Mama Duka alikuwa anasimama mlangoni na kusema kwa sauti ya kusikika, "Njaa hiyo." Asubuhi moja Bi Harusi alikuja macho yamevimba akasema amechoka, bora ampe tu chupa, yeye si wa kugombana na mama wa mumewe. Wifi hakumfokea. Alimchukua mtoto, akamlaza mama mtu kwenye mkeka nyuma ya pazia, akamwambia alale. Kila mtoto alipolia kutaka kunyonya, tulimpelekea pale pale alipolala. Wanawake wa benchi walipokezana kumbeba alipokuwa hanyonyi. Mmoja alileta chakula. Mwingine alikwenda kukaa kaunta dukani kwa Mama Duka bila kuulizwa, akauza unga mpaka jioni, na Mama Duka akakosa sababu ya kumfukuza.

Siku ya kliniki tulikwenda wote, Mama Duka mbele. Nesi alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akasoma kilo nne na kidogo. Alikuwa ameongezeka. Si sana, lakini nesi alisema ndivyo mtoto anavyotakiwa kuongezeka, na akamwambia Bi Harusi, "Hongera, mama, endelea." Nilitaka kumkumbatia nesi yule na mizani yake.

Mama Duka akasema mizani imekufa.

"Hiyo ni nepi imelowa," alisema. "Mizani yenyewe inaning'inia juu inacheza cheza. Mimi nimepima maisha yangu yote. Twendeni kwenye mizani yangu, ile ndiyo ninayoiamini."

Tukarudi hadi dukani, wateja wakitupisha. Alikunjua kanga kwenye sinia la mizani, akamlaza mtoto. Na hapo ndipo hasira ilipomponza, maana mtu mwenye hasira hukumbuka ya wenzake akasahau yake. Mtaa mzima tulikuwa tunajua kuwa kilo ya Mama Duka ukiifikisha nyumbani haifiki. Tulinung'unika tu, duka lilikuwa moja na fremu zilikuwa zake. Mshale ukapanda, ukapanda, ukatulia penye kilo nne na nusu na ushee.

Kisha fundi viatu akasema, taratibu kabisa, "Huyu mtoto kanenepa njiani?"

Kicheko kilianzia kwenye magunia kikaishia barabarani. Mama Duka alitazama mshale, akatutazama, na nikaona amekumbuka. Akiikataa kilo nne na nusu, ameikataa mizani yake mbele ya wateja. "Basi," akasema, "nimeona. Kaongezeka. Andikeni hiyo kilo nne na nusu, mmeshinda, nendeni zenu."

Tulikuwa tumeshinda. Chupa imekwisha, fremu yetu imebaki, na adui ametia sahihi mwenyewe. Nilimshika wifi mkono nimvute nje. Kama mngeuona uso wake mngejua kwamba sikumvuta hata hatua moja.

"Hapana, mama," alisema. "Kilo nne na nusu hatuitaki."

"Wifi," nikamwambia huku nimebana meno. "Nyamaza."

"Nikinyamaza leo, mwezi ujao kliniki watampima, atakuwa na kilo nne na nusu ya kweli. Mama atasema hakukua hata chembe, maziwa yamekwisha, na chupa itarudi. Itarudi kwa huyu, si kwangu wala kwako." Akamgeukia Mama Duka. "Mizani yako inaongeza, mama. Unajua, na sisi tunajua, tunakula hiyo sukari. Mtoto ana kilo nne na kidogo. Hicho kidogo kimetoka kwenye ziwa la mama yake, na sitakubali kichanganywe na cha kwako."

Hakuna aliyecheka. Mambo yanayojulikana na wote huwa mazito zaidi yakisemwa na mmoja. Mama Duka alikuwa mbogo. Alisema amemlea nyoka barazani kwake, akasema anataka fremu yake mwisho wa mwezi, akasema mengine nisiyoweza kuyarudia kwa kuwa mama yangu bado yuko hai.

"Mwisho wa mwezi mbali," wifi akasema. "Chukua leo."

Akavua ufunguo shingoni akauweka kwenye kaunta. Aliyeshinda ndiye aliyekuwa anatoa ufunguo, fikiria. Nilitamani kumpiga, na nilijivunia kuwa ni wa kwetu, yote mawili kwa pamoja, na hadi leo sijui lipi lilikuwa kubwa zaidi.

Tulianza kutoa vitu. Benchi lilibebwa na wanawake wawili, watoto mgongoni. Fundi viatu alibeba kioo, ufa na vyote. Tulipanga kila kitu ng'ambo ya barabara, kwenye ukingo wa ukuta wa shule, na mteja aliyekuwa na miadi ya kusukwa akavuka barabara, akakaa kitini, akauliza kama bei imepungua kwa kuwa hakuna paa. Wifi akamwambia imepanda, kwa sababu sasa kuna hewa.

Kutoka pale tulikuwa tunaona ndani ya duka moja kwa moja, na barabara ilikuwa nyembamba hata sauti zilitufikia. Bi Harusi alikuwa hajatoka. Niliogopa kwa ajili yake. Sisi tulikuwa tumefukuzwa tumekwenda, yeye ilikuwa lazima arudi ndani ya nyumba ile, usiku, na chupa ilikuwa imesimama kwenye rafu karibu na kiberiti.

Mtoto akaanza kulia. Mama Duka akanyoosha mkono, akaichukua chupa.

Bi Harusi alimwinua mtoto aliyekuwa amemlaza kwenye kanga juu ya kaunta. Hakuomba ruhusa. Alivuta gunia la mchele, akakaa juu yake nyuma ya kaunta, mbele ya wateja, akajiegemeza, akamleta mtoto kwenye ziwa. Nilimsikia wifi anavuta pumzi kando yangu. Vidole vyake vilikuwa kwenye kichwa cha mteja lakini havisuki.

"Ingia ndani ukanyonyeshe," Mama Duka alisema.

"Nanyonyesha hapa, mama. Si ulitaka niwe kaunta?"

Mwanamke mmoja kwenye foleni, nadhani alitaka tu mambo yaende, akaomba sukari kilo moja. Bi Harusi alimshika mtoto kwa mkono mmoja, kwa mwingine akachota sukari, akamwaga kwenye karatasi juu ya mizani mpaka mshale ukafika kwenye moja. Mwanamke akanyoosha mkono kuchukua. Bi Harusi hakumpa. Alishikilia kijiko juu ya gunia la sukari, akamtazama mama wa mumewe machoni.

"Niongeze, mama?"

Foleni nzima ilimgeukia Mama Duka. Hata sisi ng'ambo tulikuwa tumesimama, mteja wetu na nywele zake nusu. Mtoto alikuwa ananyonya na hakuwa na haraka yoyote. Mama Duka aliitazama chupa mkononi mwake, akaiweka chini ya kaunta, pasipoonekana.

"Ongeza," alisema.