Bibi Haa na Harufu ya Machungwa

Tuelewane mapema: karatasi ya kanuni za afya na usalama kila shule inayo. Imebandikwa ukutani, ina muhuri, ina vipengele kumi na kimoja, na pembe yake moja imeshabanduka. Wageni wakija wanaonyeshwa. Wakiondoka, karatasi inarudia usingizi wake. Katika shule ya chekechea ninayoisimulia, karatasi hiyo haikupata usingizi hata siku moja, kwa sababu ya mwanamke mmoja mfupi mwenye kilemba cha buluu na ufunguo shingoni, aliyesimama getini kila asubuhi. Watoto walimwita Bibi Haa. Wazazi nao walimwita hivyohivyo, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kusaga meno.

Jina lilitokana na kazi yake. Mtoto akifika getini anaonyesha viganja, mbele na nyuma. Anageuza mifuko nje, maana humo ndimo zinamokaa shanga, njugu na kila kinachopenda koo la mtoto. Bibi anamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kisha anainama mpaka pua yake inaukaribia mdomo wa mtoto, anasema, "Haya, haa!" Mtoto anampumulia, "Haaa!" Watoto waliipenda sehemu hiyo kuliko masomo yenyewe. Walioiogopa ni baadhi ya wazazi, na walikuwa na sababu.

Mtoto akiamka na homa, na mama ana haraka ya kazini, kuna ujanja ambao akina mama wote wanaujua na hakuna anayeukiri. Kijiko kimoja cha dawa ya maji ya kushusha homa, ile tamu yenye ladha ya machungwa, na baada ya nusu saa mtoto amepoa. Anapita getini anacheka. Ikifika saa nne dawa imekwisha nguvu, mtoto anachemka kama birika, na muda wote huo ameshalipumulia darasa zima. Mkono hauwezi kuugundua ujanja huo. Pua inaweza. Na Bibi Haa alikuwa amepiga deki wodi ya watoto kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuja hapa. Harufu ile hata umwamshe usingizini angeitambua.

Hakuwa na simile na mtu. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyeziandika kanuni, alinyang'anywa kikombe cha chai ya moto mlangoni mwa darasa. "Kipengele cha saba, Mwalimu. Umekiandika mwenyewe." Baba mmoja, mtu wa suti na sauti nzito, alisimamishwa nje ya geti mchana kwa sababu jina lake halikuwemo kwenye daftari la wanaoruhusiwa kuchukua mtoto. Mtoto huku ndani anaita, "Baba! Baba!" Bibi akamtazama yule mtu kwa makini. "Naona mmefanana hata masikio," alisema. "Lakini kwenye daftari haumo." Akampigia simu mama wa mtoto kwanza. Mimi mtu wa namna hiyo namvulia kofia, ingawa nakiri nisingependa kukutana naye nikiwa na haraka.

Sasa, ikaja Jumatatu ambayo mtoto wa seremala alikuwa anarudi shuleni. Alikuwa amelazwa miezi mitano kwa ugonjwa wa damu, na dawa zilikuwa zimeumaliza mwili wake kinga. Daktari alimwambia seremala bila kuficha: ugonjwa ambao wenzake wangejikuna wiki moja na kusahau, huyu ungeweza kumuua. Seremala alikwenda kwa Bibi Haa Ijumaa iliyotangulia, akasimama akizungusha kofia mkononi, asijue aanzie wapi. "Mlete," Bibi alimwambia. "Getini nipo mimi."

Bibi Haa aliishi na binti yake wa pekee na mjukuu wa miaka minne, aliyesoma darasa moja na mtoto wa seremala. Binti alikuwa ametafuta kazi miaka miwili, vyeti ndani ya bahasha mpaka bahasha ikachakaa. Wiki iliyopita tu ndipo alipopata nafasi kwenye karakana ya kushona sare. Msimamizi alimpa mwezi mmoja wa majaribio na sharti moja: akikosa hata siku moja, asirudi. Bibi alilijua sharti hilo, na alikuwa ameifurahia kazi ya binti yake mpaka akapika chakula cha wageni siku isiyo na mgeni.

Asubuhi hiyo aliondoka nyumbani binti na mjukuu wangali wamelala. Saa moja binti akatokea kwenye foleni, mtoto mkononi. Viganja safi. Mifuko mitupu. Paji la uso limepoa.

"Haya, haa."

"Haaa!"

Dawa ya meno, tena nyingi mno. Na chini yake, machungwa.

"Umempa saa ngapi?" Bibi aliuliza.

"Nimempa nini, Mama?"

"Mwanangu, usinichezee."

Binti akageuka kutazama foleni, akashusha sauti. "Saa kumi na mbili. Lakini ni joto kidogo tu, Mama."

"Mrudishe."

"Mama, unajua kabisa nikikosa leo basi tena. Mweke kwenye kile chumba chenye kitanda. Ufunguo si huo shingoni? Nani atajua?"

Mkono wa Bibi ulikwenda kwenye ufunguo. Nasema ukweli, ulikwenda, na vidole vikaushika. Aliifikiria ile bahasha. Alifikiria kumwachia mtu geti arudi na mjukuu nyumbani mwenyewe, lakini amwachie nani? Mwalimu mkuu alikuwa na mafua ya vumbi mwaka mzima, asingenusa hata sufuria inayoungua. Na nyuma ya binti, mtu wa tatu, alikuwa amesimama seremala na mtoto wake, kichwa kimefungwa kitambaa, viganja tayari vimenyooshwa mbele.

"Kile chumba ni cha aliyeugulia ndani," alisema. "Aliyekuja anaumwa haingii."

"Hivi wewe ni mama yangu au ni geti?"

Foleni nzima ikawageukia.

"Nyumbani ni mama yako," alisema Bibi. "Hapa nina watoto sitini."

Akafungua daftari, akaandika polepole kama alivyoandika siku zote: jina la mjukuu wake, homa, amepewa dawa, amerudishwa. Binti alitia sahihi kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Akambeba mtoto mgongoni, akaondoka bila kuaga. Mtoto aliyefuata alipumua "Haaa!" na Bibi ikabidi amwombe arudie, kwa kuwa mara ya kwanza hakunusa kitu.

Jumatano vipele vikatokea, na Bibi akawaarifu wazazi getini. Tetekuwanga. Kazi ilikuwa imeshakwenda na maji, na binti kwa siku kadhaa hakuzungumza na mama yake isipokuwa yale ya lazima. "Maji yamechemka." "Mlango haujafungwa." Bibi hakujitetea. Alikuwa akirudi, anaoga, anampaka mjukuu dawa ya vipele, analala akiwa ameelekea ukutani.

Jumamosi seremala akabisha hodi. Alimkuta binti anafua.

"Nimekuja kumshukuru mama aliyemrudisha mtoto wake Jumatatu," alisema.

Binti akakausha mikono kwa muda mrefu. "Sikumrudisha," alisema. "Nilirudishwa."

"Basi na iwe hivyo. Wangekaa mkeka mmoja, wako na wangu, na wangu mwili wake hauna kinga. Daktari alipoambiwa ni tetekuwanga, aliweka kalamu chini. Kisha akaniuliza, nani alikuwa getini?"

Jioni binti alimfuata mama yake jikoni. "Kwa nini hukuniambia kuna mtoto wa namna ile?"

"Mbele ya foleni? Ugonjwa wake si wangu kuutangaza." Bibi akageuza mwiko. "Na hata asingekuwepo, ningekurudisha."

"Najua," alisema binti, akacheka shingo upande, akamaliza kwa kulia. Mama yake alizima jiko, akaketi naye pale chini, hakuna aliyekula mpaka chakula kikapoa.

Vipele vilipokauka vyote, binti alimpeleka mtoto shuleni, bahasha ileile kwapani, maana alikuwa anaanza upya kutafuta. Viganja. Mifuko. Paji la uso.

"Haya, haa."

Mtoto akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Mama ameshaninusa, Bibi. Tangu nyumbani. Amesema sina machungwa."

Bibi Haa akamtazama binti yake. Binti alikuwa anavitazama viatu vyake mwenyewe.

"Hata hivyo. Haa."

"Haaa!"

Alibaki ameinama. Hakunusa kitu kingine ila mtoto na maziwa, lakini hakunyanyuka, na nyuma mtu akaanza kulalamika kwamba wengine wana kazi.

"Mama," binti alimwambia taratibu, akamshika bega, "kuna wenzetu nyuma."

"Najua, mwanangu," alisema Bibi Haa. "Wasubiri kidogo."