Jani la Isale kwa Eliya

Usiku ule nililala nimenuna. Mchana mdogo wangu Eliya alikuwa amekuja na panga na sururu, akaanza kung'oa ua wa masale alioupanda marehemu mama kuzunguka nyumba yetu, huku chini Uchagani ambako mvua huja ikijisikia. Alitaka nyasi laini kama za hotelini. Nikamuuliza maji ya kumwagilia atayatoa wapi. Tukarushiana maneno mazito hadi akaniambia nisikanyage tena kwake, nami nikamjibu kwamba hata nikifa asije kunizika.

Basi nikamwona mama. Alikuwa jikoni akimenya ndizi, kanga yake ya zamani kiunoni. Sikushangaa. Nilitaka kumshtakia Eliya, lakini jiko limeshakuwa uani, jua linawaka, vumbi limetanda, na mama anatembea peku kando ya masale yaliyong'olewa. Anainama, anagusa shina moja lililolala mizizi juu.

"Mbona bado mabichi?" anasema.

Anachuma jani moja refu, analifunga fundo, kama wafanyavyo watu wa kwetu wanapokwenda kuomba msamaha. Ukiletewa jani hilo huwezi kulikataa, hata kama umeuliwa ng'ombe. Ananinyooshea mimi.

"Mama, aliyekosa ni yeye!"

"Nani kakuuliza aliyekosa?"

Nakasirika. Yaani hata baada ya kufa bado anampendelea kitindamimba wake! Ananitazama, anacheka kile kicheko chake cha puani, na machozi yananitoka kwa sababu nilikuwa nimekisahau. Namwomba akae kidogo. Tayari yuko ng'ambo ya ua, anajifunga kanga vizuri.

"Mpelekee kabla jua halijawa kali," anasema. "Halafu myarudishe masale ardhini, nyote wawili."

Nikaamka, mto umelowa. Kulikuwa kumekucha. Nilitoka nje bila hata kunawa uso. Migomba ilikuwa imekauka kwa kiangazi, na hata magugu yalikuwa yamekufa, lakini masale yaliyolala juani tangu jana yalikuwa na kijani kilekile. Nikachuma jani, nikalifunga fundo. Bado nilikuwa na hasira naye, tena nyingi, lakini miguu ilikwisha kushika njia ya kwa Eliya.