Waya wa Gia

Mke wangu alipohamishiwa kazi Mwanza, aliniachia baiskeli yake ya gia, ile aliyokuwa akiiendesha kila siku kwenda kufundisha Mbegani. Kwa miezi minne sikuigusa. Siku niliyoipanda, gia zilikuwa ngumu hata kidole gumba kikaniuma. Nikatia oili kwenye cheni, haikusaidia. Nikampigia simu.

"Cheni haina kosa," akasema. "Ni chumvi ya bahari imeingia kwenye waya. Uchomoe kwenye mpira wake, uufute, uupake grisi, kisha uurudishe."

Nikaiweka simu sakafuni kwenye spika, nikafanya kama alivyonielekeza. Waya ulitoka umejaa kutu. Kila alipouliza nimefika wapi, nilijikokota kujibu, maana tangu aondoke hatukuwahi kuzungumza kwa muda mrefu vile.

Gia zikalainika.

"Basi, imepona," akasema. "Ngoja niingie darasani."

Nilitaka kumwambia breki nazo zimelegea, lakini zilikuwa nzima. Nikamwambia tu kwamba nimemkumbuka. Akaniuliza kama Ijumaa mchana nitakuwa nyumbani, anipigie bila haraka.