Jua la Kijani la Baba

Kazi yangu ni ngumu kuieleza sokoni. Wataalamu wanapiga hesabu kwenye kompyuta kuhusu milipuko ya jua na upepo unaotoka huko kuja kwetu. Mimi nazigeuza hesabu zao kuwa picha zinazotembea. Rangi nachagua mwenyewe. Nimepanga chumba Mikumi kwa sababu ya mtandao, na baba yupo Mabwerebwere, Kilosa.

Siku ya kwanza kumwonyesha, upepo wa kasi nilikuwa nimeupa rangi nyekundu, wa polepole kijani. Baba alisogeza pua karibu na kioo, maana presha ya macho ilishaanza kumnyima kuona.

"Hii nyekundu mbona haisimami?" akauliza.

Nilicheka sana. Mzee aliyezipungia treni bendera stesheni ya Munisagara ujana wake wote, nilitegemea nini? Kwake nyekundu ni simama, kijani ni pita.

"Watagongana huko juu," akasema. "Badilisha, mwanangu, nami nione inavyokwenda."

"Nitabadilisha, baba."

Kubadilisha rangi peke yake ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini nilitaka kumpelekea kitu cha maana: dunia iwepo pembeni, mlipuko uonekane pande zote, picha isikwamekwame. Nikirekebisha hapa, pale panaharibika. Akipiga simu kuulizia, namwambia bado kidogo. Daktari alishatuambia kwamba kinachopotea kwenye macho yale hakirudi. Nilimsikia vizuri, na bado nikahangaika na vivuli. Haraka haraka haina baraka, nikajipoza. Kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, sikutaka kukumbuka. Inaniuma mpaka leo.

Nilipofika Mabwerebwere na picha yangu iliyokamilika, nilimkuta barazani akipapasa ukuta kutafuta kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeniletea?"

Nilimkalisha, nikakaa ubavuni kwake na kuweka kompyuta mapajani. Aliposikia nafunua kifuniko, alijiweka sawa, akaelekeza uso pale alipodhani kioo kipo. Alikosea kidogo, akawa anatazama goti langu.

"Ala! Kijani kimekolea," akasema. "Sasa inakwenda vizuri. Umeweza, mwanangu."

Nilimshukuru. Kompyuta nilikuwa bado sijaiwasha.