Nyumbani Hatuongei

Nakumbuka asubuhi moja nilipojificha nyuma ya migomba, kando ya kijito tulikokuwa tukiloweka mihogo, nikimvizia mama yangu mzazi kama mtu anayevizia mwizi. Cheka tu, mwanangu, una haki ya kucheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, na nilikuwa na hakika kwamba mama yangu ananiibia. Alichokuwa akiiba sikukijua, ila kwamba anaiba nilijua.

Nakusimulia haya kwa sababu ya neno uliloniambia Jumapili tulipotoka kanisani. Ulimchukua mwanao mgongoni mwangu ukasema polepole, watu wasisikie: "Mama, usimsemeshe Kirundi. Utamchanganya, atachelewa kuongea. Kiswahili tu." Sikukujibu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu, niliogopa, maana maneno hayo hayo niliwahi kumwambia bibi yako, na kwa sababu hiyo hiyo unayoificha. Usiniambie ni mambo ya kumchanganya mtoto. Mimi nimeishi kwa kushuku watu, na mwenzangu nikimwona namjua. Wewe unaogopa majirani zako wa Kasulu mjini wasijue mama yako alitoka wapi.

Enzi hizo tuliishi kijijini, upande wa Kibondo. Baba yako ni Muha wa hapo hapo. Mimi na bibi yako tulivuka mpaka kwa miguu nikiwa msichana. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, tunasikilizana bila mkalimani, lakini sikio la Muha halidanganyiki: ukisema maneno mawili anajua umezaliwa upande gani. Na zilikuwa zimeenea tetesi kwamba wasio na karatasi watapakiwa kwenye malori wapelekwe kambini Mtabila. Mimi karatasi sikuwa nazo.

Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi hata ung'ongo sikuungoja. Mtu akiinama njiani kufunga kamba ya kiatu, nilijua ananichunguza. Jirani yetu Mama Yusta akija kuomba chumvi, nilijua kwake chumvi ipo tele, amekuja kusikiliza.

Basi kaka yako Eliudi alipoanza tu kukaa mwenyewe, nikatoa amri: humu ndani ni Kiswahili, Kirundi kikome. Bibi yako Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji. Alinitazama, akaniuliza, "Sasa mimi huyu mtoto nitamlea na nini?" Nikamjibu, "Mlee na mikono." Mungu anisamehe. Naye akatii. Akawa anamwita mjukuu wake kwa kupiga makofi, anamwonyesha chakula kwa kidole, na jioni anakaa kwenye kona yake ya jikoni kimya kabisa.

Na Kiswahili changu chenyewe kilikuwa nini? Kilikuwa cha sokoni. Njoo, kaa, acha, kula, lala. Hadithi sikuwa nayo kwa Kiswahili, wala utani, wala maneno ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Hayo yote nilikuwa nayo kwa Kirundi, na nilikuwa nimeyafungia. Mtoto akawa anapata amri tu tangu kunakucha hadi kunakuchwa.

Eliudi akafika miaka mitatu, hasemi. Akitaka maji ananivuta kitenge. Kliniki waliponiuliza, nikadanganya kwamba nyumbani anaongea sana. Kisha mwanamke mmoja wa kijiji cha pili akaniambia ulimi wa mtoto umeshikwa na kinyama kwa chini, yeye hukikata kwa wembe na mtoto akasema. Tukapanga Jumamosi. Nikanunua wembe mpya, nikauchomeka kwenye nyasi za paa. Baba yako alikuwa porini akipasua mbao, na bibi yako sikumwambia, kwa kuwa nilimshuku yeye kwanza. Kila walipokwenda kijitoni na mtoto walikawia, na wakirudi walitazamana kama watu wenye siri. Nikawaza labda anamlisha dawa. Labda ndiye aliyemfunga huo ulimi, kunilipizia.

Ndiyo maana Ijumaa ile nikawafuata.

Bibi yako alikuwa amekaa juu ya jiwe anamenya mihogo iliyolainika. Eliudi alikuwa ndani ya maji hadi magotini, anamletea mmoja mmoja, na mdomo wake hautulii. Anaongea, mwanangu! Kirundi, maneno marefu yenye kichwa na mkia. Anauliza kwa nini mihogo inanuka, anajijibu mwenyewe, anamcheka bibi yake anavyong'ang'ana na ganda. Nikashika mgomba.

Mara akatokea Mama Yusta na beseni kichwani. Nikasema moyoni, leo tumekwisha, amewasikia.

"Eliudi, hujambo?" akamwamkia kwa Kiswahili.

"Sijambo. Shikamoo, Mama Yusta." Kiswahili safi kuliko changu.

"Marahaba. Bibi anasemaje leo?"

Mtoto akamgeukia bibi yake, akamuuliza kwa Kirundi, akarudi na jibu: "Anasema chukua miwili, ukawapikie akina Yusta."

Mama Yusta akachagua mihogo yake, akamshika bibi yako begani, akaenda zake. Ilionekana ni mazoea yao ya siku nyingi. Na unajua nilichokiwaza kwanza? Sikumshukuru Mungu kwamba mwanangu si bubu. Niliwaza: kumbe wote watatu wamenizunguka!

Bibi yako akafunga mzigo, akamwambia mtoto twende. Eliudi akajibwaga kwenye maji. "Nyogokuru, tusiende," akamlilia bibi yake kwa Kirundi. "Nyumbani hatuongei."

"Hora, mwana wanje," bibi yako akambembeleza. "Kesho tutarudi hapa hapa."

Nayo kesho yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Nikatoka kwenye migomba. Nilitaka kulia, nilitaka kumkumbatia, sijui nilitaka nini. Mtoto aliponiona alifunga mdomo. Akasimama wima, akanitazama kama askari anayesubiri amri. Hapo ndipo niliona aibu ambayo haijanitoka mpaka leo.

Bibi yako hakupaza sauti. Alinawa mikono kwanza. "Huyu alikuwa na lugha mbili," akaniambia. "Yangu nimempa hapa majini. Kiswahili kapewa na watoto wa Mama Yusta. Wewe umemfundisha ya tatu, ya kunyamaza, na hiyo anaisema na wewe tu."

Nikamwambia naogopa watu.

"Watu gani? Huyo unayemwogopa anatujua tangu siku ya kwanza. Angekuwa wa kutuuza, angekuwa ameshatuuza."

Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Adui nilikuwa namtafuta njiani, kumbe alikuwa amevaa kitenge changu. Nilirudi nyumbani nikachomoa ule wembe, nikautupa chooni. Jioni nikamweka Eliudi mapajani, nikamwanzia hadithi kwa Kirundi, ile ya sungura. Akamtazama bibi yake kwanza, kumuuliza kwa macho kama ni mtego. Mtoto wa miaka mitatu, tayari ananishuku! Mashaka aliyarithi kwangu. Ilichukua misimu miwili ya mvua kabla hajanitamkia sentensi nzima.

Sasa nenda kamwone kaka yako pale Manyovu, mpakani. Wa Bujumbura akifika anamsemesha Kirundi, Muha anamsemesha Kiha, Mkongo aliyetoka kambini anamjibu kwa Kiswahili chao chenye mersi na bonzhuu. Hajawahi kuchanganyikiwa. Bibi yako alipofariki, alikaa kaburini peke yake akiongea naye mpaka jua likazama, tukamtumia mtu amfuate.

Mimi ananipigia kila Jumapili. "Shikamoo, Mama. Umeamka salama? Haya, ubaki salama." Ni mtoto mwenye adabu, sukari anatuma, bati alinibadilishia. Lakini maneno hana ya kunipa, na siwezi kumdai, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Inaniuma.

Kwa hiyo nisikilize, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwanao atachanganya kidogo, ni kweli. Ataanza neno kwa Kirundi alimalize kwa Kiswahili, na watu watacheka. Mwache. Mtoto anajua mgongo wa mama na mgongo wa bibi hata akiwa usingizini, basi na maneno atayapanga mwenyewe, haya ya huyu, yale ya yule. Wewe msemeshe lugha ambayo una kicheko ndani yake, si lugha ya amri peke yake. Baba yake naye amsemeshe ya kwao. Ila usimfundishe kuwa mdomo wa bibi yake ni aibu, kwa maana siku moja ataona na wa mama yake ni hatari. Na majirani zako, mwanangu, nawashuku hata mimi, siwezi kuacha, nimezeeka nayo. Lakini nakuhakikishia walikwisha kujua zamani.

Jumapili nitamfunga mgongoni tena, na nitamsemesha. Ukitaka kumchukua, mchukue.

Mungu amfungue kinywa mwanao, amjaze maneno ya pande zote mbili za mpaka, na asikose mtu wa kumwambia. Nawe nakuombea uzee mwema. Siku hiyo mwanao akupigie simu kutoka mbali, mwongee, mcheke, mbishane, mpaka salio liishe kabla hamjaagana.